Kupanga Safari ya Kucheza Gofu Lahinch, Ayalandi: Mwongozo kwa Anayekwenda Mara ya Kwanza

Maswali ni yale yale kila mwaka. Je, asiye mwanachama anaruhusiwa kucheza viwanja vile vikubwa vya Ayalandi? Nianze na tiketi ya ndege au nianze na uwanja? Viza ya Schengen niliyo nayo itanifikisha? Kedi yupo au nitabeba begi mwenyewe? Nimeyakusanya majibu hapa kwa mpangilio, kwa sababu katika safari hii mpangilio ndio kila kitu. Ukinunua tiketi kabla ya kupata nafasi uwanjani, utafika Ayalandi na kuishia kuwatazama wenzako wakicheza. Na ukitumia fedha zote kabla viza haijatoka, unaweza kuzipoteza zote.

Nimeuchagua uwanja mmoja uwe mfano: Lahinch, katika kaunti ya Clare, magharibi mwa nchi, ukingoni mwa Ghuba ya Liscannor. Ulianzishwa mwaka 1892. Old Tom Morris, mchezaji na msanifu wa viwanja kutoka Scotland, aliyapanga mashimo yake miaka miwili baadaye, na mwaka 1927 msanifu mwingine, Alister MacKenzie, akaja kuupanga upya. Mashindano ya Irish Open ya 2019 yalichezwa hapa na Jon Rahm akaibuka mshindi. Hatua nyingi utakazosoma zinafaa pia kwa viwanja vingine vya Ayalandi kama Ballybunion, Waterville au Portmarnock. Ila nakushauri uanze na Lahinch. Umejengwa ndani ya mji, watu wake wamezoea wageni, na una mashimo mawili ambayo huwezi kuyakuta kwingine.

Neno moja tu la nadharia. Viwanja hivi huitwa linksi. Vimelala juu ya mchanga wa pwani, kwenye vilima vilivyoumbwa na upepo, na nyasi zake ni fupi na ngumu. Mvua ikinyesha, maji huzama upesi. Mpira ukianguka haukai, unabiringika. Miti ya kukinga upepo hakuna. Mengine yote yanatokana na hayo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Pasipoti itakayobaki hai angalau miezi sita baada ya siku unayotarajia kuondoka Ayalandi.
- Hendikapu rasmi (namba inayoonyesha kiwango chako cha mchezo; ikiwa ndogo, wewe ni mzuri zaidi) kutoka klabu iliyo chini ya chama cha gofu cha nchi yako, kama Kenya Golf Union au Tanzania Golf Union.
- Taarifa za benki za miezi sita zinazoonyesha kipato kinachoingia kwa utaratibu.
- Kadi ya benki inayokubali malipo ya nje ya nchi kwa euro. Piga simu benki uhakikishe kabla hujaanza kulipia chochote.
- Miezi 12 mbele yako. Ukiwa na 18, bora zaidi.
- Bajeti ya kweli. Ada ya kucheza mara moja kwenye viwanja vya daraja hili msimu wa kiangazi inapita euro 300 kwa mtu mmoja. Hapo bado kedi (mbeba begi anayekuongoza uwanjani), malazi, gari na chakula.
- Wenzako, ikiwezekana. Wawili au wanne hupangika kirahisi kuliko mmoja au watatu.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Msimu unaanza Aprili na kuisha Oktoba. Mimi ningechagua Mei, mwanzo wa Juni, au Septemba. Mwezi Juni jua la magharibi mwa Ayalandi huzama karibu saa nne usiku, kwa hiyo hata ukianza alasiri utamaliza mashimo 18 kukiwa na mwanga. Joto la Julai, mwezi wa kiangazi hasa, mara nyingi huwa kati ya nyuzi 15 na 18. Kwa aliyezoea Mombasa au Dar es Salaam hiyo ni baridi, basi ipangie nguo.

Kabla hujaangukia tarehe yoyote, tazama kalenda ya mashindano ya klabu yenyewe. Mwishoni mwa Julai, Lahinch huandaa mashindano ya ridhaa ya kusini mwa Ayalandi, yaliyoanza mwaka 1895 na yanayoheshimiwa sana na wenyeji. Septemba 2026 uwanja umepangiwa Walker Cup, pambano la wachezaji wa ridhaa wa Marekani dhidi ya wa Uingereza na Ayalandi. Siku kama hizo, na zile za maandalizi kabla yake, mgeni hana nafasi.

Hatua ya 2: Weka nafasi ya kuanza

Ndiyo, asiye mwanachama anaruhusiwa. Hizi ni klabu za wanachama, lakini kwa miongo mingi zimefungua milango kwa wageni wanaolipa, na ada za wageni hutunza uwanja. Huhitaji kujuana na mtu. Unahitaji kuwahi tu.

Ingia kwenye tovuti ya klabu, sehemu ya wageni, utazame tarehe zilizo wazi au uandike barua pepe. Iwe fupi: mko wangapi, hendikapu zenu, tarehe mnayoipendelea, na tarehe mbili za akiba. Omba Jumatatu hadi Ijumaa, maana Jumamosi na Jumapili wanachama ndio wenye uwanja wao. Katika barua hiyo hiyo uliza mambo manne: amana ni kiasi gani, inarudishwa ukighairi au la, makedi huwekwaje, na kiwango cha juu cha hendikapu ni kipi.

*Tahadhari.* Swali la amana ndilo wengi hulisahau. Klabu nyingi hazirudishi amana, au huirudisha ukighairi mapema sana tu. Kwa msafiri anayehitaji viza hilo ni jambo zito. Waeleze waziwazi kwamba viza yako itaamuliwa wiki chache kabla ya safari, na uulize kama tarehe inaweza kusogezwa viza ikichelewa. Jibu lao litunze kwa maandishi.

Kama uko peke yako, usikate tamaa. Klabu humwunganisha mchezaji mmoja na kundi la watu watatu, na nafasi za namna hiyo hujitokeza hata wiki chache kabla. Nijuavyo mimi, hakuna njia nzuri zaidi ya kufahamiana na wenyeji.

Hatua ya 3: Weka hendikapu yako sawa

Mfumo wa hendikapu wa dunia ulioanza mwaka 2020 umerahisisha mambo, kwani namba ya Nairobi au Arusha inaeleweka Lahinch bila tafsiri. Bado, omba barua au cheti kutoka kwa katibu wa klabu yako chenye namba yako ya sasa, na ukichapishe. Viwanja vikubwa vingi huweka mpaka, mara nyingi kati ya 24 na 28 kwa wanaume na juu kidogo kwa wanawake. Mahali pengine hukagua pale pale unapojiandikisha.

Namba yako ikiwa juu ya mpaka huo, una mwaka mzima wa kuishusha. Usidanganye namba. Uwanja wenye mashimo yasiyoonekana na upepo wa bahari utakufichua kabla hujafika shimo la tatu, na kundi lililo nyuma yako ndilo litakalolipia.

Hatua ya 4: Viza

Hapa ndipo safari nyingi hukwama, basi soma taratibu.

Ayalandi haimo katika eneo la Schengen. Viza ya Ufaransa au Uholanzi haikuingizi. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Ayalandi yenyewe, ile ya matembezi ya muda mfupi isiyozidi siku 90. Maombi huanzia mtandaoni kwenye mfumo unaoitwa AVATS. Ukimaliza, unachapisha muhtasari, unautia sahihi, kisha unawasilisha nyaraka zako ndani ya siku 30 mahali utakapoelekezwa na mfumo. Ada ni euro 60 kwa viza ya kuingia mara moja na euro 100 kwa ya kuingia mara nyingi.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi mitatu kabla ya safari, si zaidi. Yaani nafasi ya uwanja unaiweka mwaka mmoja mbele, lakini viza huwezi kuiomba hadi robo ya mwisho. Uamuzi nao unaweza kuchukua wiki nane baada ya nyaraka kupokelewa. Kwa hiyo tuma siku ile dirisha linapofunguka. Ukichelewa wiki tano, umeila akiba yako yote.

Nyaraka zinazobeba ombi la mcheza gofu ni hizi:

1. Barua yako mwenyewe inayoeleza unakwenda kufanya nini, lini, na utarudi lini kwa sababu gani. Andika kwa lugha rahisi na taja viwanja kwa majina.
2. Uthibitisho wa nafasi ya uwanja kutoka klabu. Watalii wengi hawana kitu kama hiki. Wewe unacho, nacho kinaonyesha safari yenye lengo.
3. Barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo, au hati za biashara yako pamoja na za kodi.
4. Taarifa za benki. Fedha nyingi zilizoingia ghafla wiki moja kabla huzua maswali. Kama umeuza kiwanja au chama chenu kimekupa zamu yako, ambatisha ushahidi.
5. Malazi yaliyowekwa kwa masharti ya kughairi bure.
6. Bima ya safari.
7. Kama umewahi kunyimwa viza ya nchi yoyote, iseme na uambatishe barua ya kukataliwa. Ukiificha wakaigundua, ombi limekwisha.

*Tahadhari kubwa kuhusu kaskazini.* Royal County Down na Royal Portrush, viwanja viwili vinavyotajwa kila mara pamoja na hivi, viko Ayalandi Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza. Barabarani hakuna kizuizi wala askari wa mpakani, unavuka bila kujua. Lakini sheria ipo. Utahitaji viza ya Uingereza, na ili urudi kusini utahitaji viza ya Ayalandi ya kuingia mara nyingi. Kwa safari ya kwanza, ushauri wangu ni kubaki kusini. Kaunti za Clare na Kerry peke yake zina gofu ya kukutosha wiki nzima, tena utakuwa na viza moja, sarafu moja na wasiwasi mmoja.

Hatua ya 5: Ndege na begi la fimbo

Idara ya uhamiaji ya Ayalandi yenyewe inashauri usinunue tiketi kabla ya uamuzi wa viza. Wafuate. Ukiona bei inapanda na roho haitulii, nunua ile inayorudishika au inayobadilishika, hata kama ni ghali kidogo.

Kutoka Afrika Mashariki, njia rahisi ni kupitia Dubai, Doha, Istanbul au Amsterdam hadi Dublin. Kupitia London huonekana fupi kwenye ramani, lakini unaweza kudaiwa viza ya kupita, basi hakikisha kabla ya kulipa. Uwanja wa ndege wa Shannon uko karibu zaidi na Lahinch, kama saa moja kwa gari. Ila ndege za moja kwa moja kutoka Dubai na Doha hutua Dublin, na kutoka huko ni saa tatu hadi tatu na nusu barabarani.

Begi la gofu lina masharti yake katika kila shirika la ndege. Lingine hulihesabu ndani ya uzito wako wa kawaida, lingine hutaka ulisajili na kulipia mapema. Soma sharti la shirika litakalokubeba kila kipande cha safari, si lile la kwanza tu. Funga fimbo pamoja kwa mkanda, vichwa vyake vivishe soksi nene au taulo, na weka ndani ya begi fimbo moja ya chuma au mti mgumu iliyo ndefu kuliko draiva yako (fimbo yako ndefu kuliko zote), ili begi likiangushwa kichwa chini, hiyo ndiyo ipokee pigo. Kipima umbali chenye betri ya lithiamu beba mkononi. Viatu na nguo za siku ya kwanza pia, mkononi.

Fika siku moja kamili kabla ya kucheza, hata kama saa za Ayalandi wakati wa kiangazi ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili tu. Mabegi huchelewa, na mwili uliokaa kwenye ndege usiku kucha hauzunguki vizuri.

Hatua ya 6: Kutoka uwanja wa ndege hadi uwanja wa gofu

Ayalandi inaendesha upande wa kushoto, kama Kenya, Tanzania na Uganda. Hiyo ni nafuu kubwa. Leseni yako ya nyumbani hukubalika kwa mgeni wa muda mfupi, lakini kampuni za kukodisha huwa na masharti ya ziada, kwa hiyo chukua pia kibali cha kimataifa cha udereva. Gari la gia za kujiendesha lazima uliombe waziwazi, la sivyo utapewa la gia za mkono. Barabara za mashambani ni nyembamba, zina kuta za mawe pande zote mbili, na trekta huibuka konani. Mkiwa wanne na mabegi manne, gari dogo halitoshi. Chukueni basi dogo, au kodini pamoja na dereva.

Asiyeendesha anaweza kupanda treni hadi Ennis, kisha basi au teksi hadi Lahinch, kama kilomita 30.

Ukitaka kuongeza Ballybunion, ambayo ningeiongeza bila kufikiri mara mbili, usizunguke kupitia Limerick. Endesha hadi Killimer upande wa Clare, panda kivuko cha magari kuvuka mto Shannon, na dakika 20 baadaye uko Tarbert, Kerry. Ballybunion haiko mbali na hapo. Klabu hiyo ni ya mwaka 1893. Tom Watson, bingwa wa gofu kutoka Marekani, alifika mara ya kwanza mwaka 1981, akaipenda kiasi kwamba mwaka 2000 akawa kapteni wake. Kwenye shimo la kwanza kuna makaburi upande wa kulia, na mpira ukiingia humo umetoka nje ya uwanja. Lenga kushoto.

Hatua ya 7: Jifunze upepo ukiwa nyumbani

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo itakayoamua kama utaifurahia siku yako.

Kama unacheza Karen, Muthaiga au kwingineko Nairobi, unacheza mita 1,700 hivi au zaidi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unakwenda mbali. Fimbo inayokupa mita 150 Nairobi itakupa kama mita 140 ukishuka pwani, na hewa ya baridi ya Ayalandi itakunyang'anya nyingine tatu au nne. Kabla hata ya upepo kuanza kuvuma umeshapoteza umbali wa fimbo moja nzima. Usipolijua hili, mpira wako hautafika kwenye kila grini (eneo la nyasi laini lenye shimo) na utadhani umesahau kucheza.

Dawa ipo, tena ni yetu. Shuka pwani wakati wa kusi. Kuanzia Juni hadi Agosti, Vipingo Ridge, Nyali na Leisure Lodge ya Diani hupigwa na upepo wa bahari ulio thabiti. Joto halifanani na la Ayalandi, lakini somo ni lile lile. Nenda hata kwa siku mbili tu ufanye haya:

1. Piga mpira uende chini chini. Mpira uweke nyuma kidogo ya katikati ya miguu, shika fimbo chini kidogo, chukua fimbo iliyo kubwa kwa ngazi mbili kuliko ya kawaida na upige kwa robo tatu ya nguvu. Kupiga kwa nguvu dhidi ya upepo huongeza mzunguko wa mpira, nao huenda juu na kurudi nyuma.
2. Biringisha. Ukiwa mita 30 kutoka shimoni, acha weji (fimbo ya kuinua mpira juu) begini. Chukua aironi (fimbo ya chuma) namba 7 au 8, ubiringishe mpira ukianguka kabla ya grini. Rudia mpaka mkono uzoee. Kwenye linksi hili ndilo pigo utakalolitumia kuliko yote.
3. Tumia pata (fimbo ya kusukumia mpira shimoni) ukiwa nje ya grini. Nyasi za linksi ni fupi kiasi kwamba pata hufanya kazi hata mita 15 au 20 kabla ya grini. Kusukuma vibaya kwa pata kunakugharimu mita mbili. Weji ikigonga ardhi ile ngumu vibaya, mpira unavuka grini na kwenda kwenye nyasi ndefu.
4. Toka bankani kwa upande. Mabanka (mitego ya mchanga) ya huko ni mashimo ya kina yenye kuta wima. Jizoeze kupiga mpira pembeni, hata nyuma, mradi utoke.

*Kosa la kawaida:* kununua draiva mpya kwa ajili ya safari. Fedha hizo zitie kwenye koti la mvua lisilopitisha maji kweli, suruali yake, na glavu mbili za mvua. Glavu hizo hushika vizuri zaidi zikilowa, na huko zitalowa.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Fika saa moja na nusu kabla. Jiandikishe dukani, lipa salio, onyesha cheti cha hendikapu. Shati lenye kola, suruali nadhifu, viatu vya gofu vivaliwe chumba cha kubadilishia na si kwenye maegesho. Simu iwe kimya.

Kigari usikitegemee. Viwanja hivi hutembewa kwa miguu, na vigari hutolewa kwa wachache wenye sababu ya kiafya, mara nyingi kwa cheti cha daktari. Una chaguo la kedi au toroli. Kwetu kedi hupatikana papo hapo getini. Kule sivyo: kedi huwekwa mapema pamoja na nafasi yako, na hulipwa mkononi kwa fedha taslimu, ada pamoja na bahshishi. Toa euro kwenye mashine usiku wa kuamkia mchezo. Kama fedha zinabana, punguzeni kitu kingine, hata siku moja ya hoteli, lakini kwa Lahinch chukueni kedi, angalau mmoja kwa watu wawili. Sababu ni mashimo mawili yanayofuatana.

Shimo la nne linaitwa Klondyke, la mikwaju mitano, yaani mchezaji mzuri hutarajiwa kulimaliza kwa mapigo matano. Baada ya pigo la kwanza unakutana na kilima cha mchanga kilichosimama katikati ya njia kama ukuta. Pigo la pili linapita juu yake bila wewe kuona upande wa pili. Mara nyingi kuna mtu juu ya kilima anayeashiria kama njia ni salama, kwa sababu wachezaji wa shimo jingine hukatiza huko. Usipige hadi akuruhusu. Tumia fimbo inayoinua mpira vizuri, usitafute umbali. Ukigonga kilima, mpira unaweza kurudi miguuni pako.

Shimo la tano ni Dell, la mikwaju mitatu, kama mita 140. Grini imejificha kabisa kati ya vilima viwili, huioni ukiwa kwenye tii, mahali pa kupigia pigo la kwanza. Juu ya kilima kuna jiwe jeupe, nalo husogezwa kila shimo linapohamishwa, kukuonyesha mstari wa kulenga. Sikiliza namba ya kedi, lenga jiwe, piga. Old Tom Morris aliyakuta maumbile haya mawili akayaacha yalivyo, na wote waliokuja baada yake wameyaheshimu. Kuna wanaosema gofu ya kutoona unakopiga si haki. Mimi nasema ukifika juu ya kile kilima na kuuona mpira wako umelala karibu na shimo, hutatamani kwa dakika moja kwamba mtu angekichimba.

Kuhusu hali ya hewa, waangalie mbuzi. Lahinch ina mbuzi wake wanaoishi uwanjani, na mmoja yumo kwenye nembo ya klabu. Wakiwa mbali vilimani, siku itakuwa njema. Wakisogea karibu na jengo la klabu, vaa koti. Kwenye jengo hilo kuna kipimahewa kisicho na mishale, chenye maelezo yanayokutuma ukawaangalie mbuzi.

Chagua tii za mbele. Kwa upepo ule, tii za mabingwa ni adhabu unayojitakia. Na tazama kadi kama umbali umeandikwa kwa mita au yadi, maana nchini humo utakuta zote mbili, na yadi 150 ni mita 137 tu.

Mambo yakienda kombo

*Viza haijatoka na zimebaki wiki mbili.* Andikia klabu leo, si siku ya mwisho. Omba tarehe isogezwe hadi mwisho wa msimu huo huo. Ghairi malazi kabla ya muda wa bure kuisha. Kuandika kila siku kwa ofisi ya viza hakuharakishi chochote.

*Fimbo hazijafika.* Toa taarifa kwenye kaunta ya shirika kabla hujatoka uwanja wa ndege, na upewe namba ya kumbukumbu. Kisha piga simu klabu uombe fimbo za kukodi. Seti ni chache, anayepiga mapema ndiye anayepata.

*Mvua kubwa asubuhi.* Nenda uwanjani hata hivyo. Mchanga hunyonya maji, hivyo mvua peke yake ni nadra kufunga linksi, na usipotokea utahesabiwa umecheza. Radi tu ndiyo itakayowaondoa nyote.

*Mpira umezama kwenye nyasi ndefu za vilimani.* Una dakika tatu za kuutafuta, si tano kama zamani. Kwa hiyo, kila unaposhuku umeupoteza, tangaza na upige mpira wa akiba kabla ya kuondoka kwenye tii. Na ukiuona, usijaribu ushujaa. Chukua weji, urudishe kwenye feawei, njia ya nyasi fupi.

*Umenasa bankani na ukuta uko usoni.* Kama hata upande hakuna njia, sheria za tangu 2019 zinakuruhusu kutangaza mpira haupigiki na kuudondosha nje ya banka, nyuma kwenye mstari wa shimo, kwa adhabu ya mikwaju miwili. Ni nafuu kuliko mapigo manne ya hasira.

*Upepo umesogeza mpira kwenye grini.* Kama ulikuwa umeshauinua na kuurudisha, urudishe pale pale ulipokuwa, bila adhabu. Kama hukuwahi kuuinua, cheza kutoka uliposimama.

*Kundi lenu linachelewa.* Mzunguko unatarajiwa kwisha kwa saa nne na dakika chache. Mkiona shimo zima liko wazi mbele yenu, wapisheni walio nyuma bila kusubiri kuambiwa, na aliye tayari apige kwanza.

*Kedi hakutokea.* Mwone msimamizi wa makedi au watu wa dukani mara moja. Asipopatikana mwingine, chukua toroli na ununue kitabu kidogo cha ramani za mashimo dukani. Kwenye Klondyke na Dell subirini kundi la mbele limalize kabisa, kisha mmoja wenu apande kilima kwanza awaongoze wengine.